Mwindaji Aliyemwoa Mkulima

Wanata wa Serengeti husimulia kwamba mwanamume wao wa kwanza, Nyamunywa, alikuwa mwindaji, na mwanamke wao wa kwanza, Nyasigonko, alikuwa mkulima. Mmoja aliishi kwa nyama ya porini, mwenzake kwa nafaka. Wakakutana, wakaoana, na watu wakaanzia hapo. Jirani zao Waikizu, ambao wengi wako Bunda, wana simulizi yao: Nyakinywa alitoka Kanadi, upande wa Usukuma, akiwa mganga wa mvua, akamkuta Isamongo, mwenye moto. Hao nao walipimana nguvu kwanza ndipo wakakubaliana kukaa pamoja.

Mwanahistoria Mmarekani Jan Bender Shetler alizikusanya simulizi za namna hii kwa wazee wa Serengeti ya magharibi katika miaka ya 1990, na mwaka 2007 akazitolea kitabu. Linalovutia ndani yake ni jinsi zinavyokataa kumtafuta babu mmoja. Mahali ambapo mataifa mengine hupenda kuanza na shujaa mmoja na damu moja, watu wa Mara huanza na wageni wawili wasiokula chakula kimoja. Kwa muda mrefu wasomi waliziweka hadithi hizo kwenye kapu la ngano za kuota moto. Kisha, kuanzia mwaka 2015, maabara zinazosoma DNA kutoka kwenye mifupa ya kale ya Afrika Mashariki zikaanza kutoa majibu, na majibu hayo yanakaa karibu sana na simulizi za wazee kuliko na ramani ya makabila iliyochorwa na wakoloni.

Kiriba ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Kata yenyewe iko Musoma Vijijini, kwenye nchi ya rasi na ghuba inayoingia Ziwa Victoria, na watu wa Kiriba wamesambaa hadi Bunda na Butiama. Karibu nao kuna Wajita, Waruri na Wakwaya. Upande wa bara kuna Wazanaki na Waikizu, ng'ambo ya maji kuna Wakerewe na Wakara, na Wajaluo utawakuta Rorya, Musoma mjini na kwenye kila mwalo. Asubuhi, dagaa waliovuliwa usiku kwa taa wakiwa wanaanikwa, mama mmoja hutaja bei kwa Kijita, akajibiwa kwa Kikwaya, na deni likaandikwa daftarini kwa Kiswahili. Hakuna anayeshangaa. Wa kushangaza ni mtu asiyeujua ukoo wake. Mgeni akiulizwa yeye ni nani, kutaja kabila hakutoshi: wazee watataka ukoo, watataka mwiko wa ukoo huo, kisha watauliza kwao mama ni wapi. Swali hilo la mwisho ndilo linalofungua mlango, maana kila jibu la upande wa mama humpeleka mtu kijiji kingine, mara nyingi kwenye lugha nyingine.

Kabila kama lilivyokuja kuandikwa kwenye mafaili ni jambo la juzi. Gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa kupitia machifu mwaka 1926, kila bwana shauri alipaswa kumpata chifu, mipaka yake na watu wake. Hiyo ilikuwa kazi ngumu katika nchi ya Musoma, ambako watu wengi hawakuwa na chifu mkubwa. Walikuwa na wazee wa rika, waganga wa mvua na vichwa vya koo. E. C. Baker, ofisa wa Kiingereza aliyeandika kurasa nyingi kuhusu watu wa wilaya hiyo, alijikuta akiandika koo zilizotoka huku na kule chini ya vichwa vya habari vilivyodai kwamba zote ni kitu kimoja. Shetler anaonyesha kwamba hata majina mengi ya makabila ya Serengeti ya magharibi yalipata sura yake ya sasa baada ya maafa ya nusu ya pili ya karne ya 19: ukame, njaa, uvamizi wa Wamasai, kisha sotoka iliyofagia ng'ombe kuanzia mwaka 1890. Watu walitawanyika, wakapokelewa na wengine, wakaungana upya chini ya majina mapya. Wakoloni waliwakuta wakiwa ndio kwanza wanajipanga, wakadhani ndivyo walivyokuwa tangu Adamu.

Serikali huru ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, na sensa ya 1967 ikawa ya mwisho kumuuliza Mtanzania kabila lake. Aliyeongoza uamuzi huo alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa chifu wa Wazanaki. Julius Nyerere alikuwa amechongwa meno kwa desturi ya kwao, kwa hiyo hakuna wa kumwambia kwamba hakuijua mila aliyokuwa akiiondoa kwenye makaratasi.

Hayo ni mambo ya miaka 150 hivi. Mifupa inarudi nyuma mbali zaidi.

Nchi za joto si rafiki wa DNA. Jua na mvua huivunja vipande vipande haraka, ndiyo maana watafiti walikuwa wakisoma vinasaba vya watu wa kale wa Siberia na Ujerumani wakati Afrika ikiwa bado ukurasa mtupu. Kilichobadilisha mambo ni kugundua kwamba mfupa mmoja wa fuvu, ule mgumu unaozunguka sikio la ndani, huhifadhi DNA hata pale mifupa mingine iliposhindwa. Unatobolewa, unatolewa unga kidogo, unga unasafishwa na kusomwa. Mwaka 2015 alitangazwa mtu wa kwanza wa kale wa Afrika ambaye vinasaba vyake vilisomwa vyote: mwanamume wa pango la Mota, kusini mwa Ethiopia, aliyeishi miaka 4,500 iliyopita. Mwaka 2017 ikaja zamu ya Tanzania. Kutoka Luxmanda, kwenye uwanda wa juu wa Mbulu, alisomwa mtu aliyezikwa kati ya wafugaji miaka ipatayo 3,100 iliyopita, na ikaonekana kuwa zaidi ya theluthi ya asili yake, asilimia 38 hivi, inahusiana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati. Mwaka 2019 timu ya Mary Prendergast, Mark Lipson, Elizabeth Sawchuk na David Reich ikachapisha habari za watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, wakiwemo waliozikwa katika pango la Gishimangeda karibu na Ziwa Eyasi. Mwaka uliofuata kundi jingine likaongeza watu 20, wengine kutoka kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya.

Ukiziweka sehemu hizo kwenye ramani, Mara inaangukia katikati: Eyasi na Mbulu kusini-mashariki, Bonde la Ufa mashariki, ufukwe wa Nyanza kaskazini. Kila aliyetoka upande mmoja kwenda mwingine alikuwa na sababu ya kupita nyika za Serengeti au kufuata ukingo wa ziwa.

Wa kwanza katika hesabu hii ni wavuvi. Kabla ya jembe na kabla ya ng'ombe, watu waliishi kando ya Nyanza wakila samaki, kombe za ziwani na wanyama wa porini, na kinyume na kawaida ya wawindaji wengi duniani, walifinyanga vyungu. Wanaakiolojia huviita vyungu vya Kansyore, kwa jina la kisiwa kidogo kwenye Mto Kagera. Vimefukuliwa upande wa Kenya kwenye matabaka yenye umri wa miaka ipatayo 8,000, na vigae vyake vimeokotwa hadi Mwanza, ambako Robert Soper na Brian Golden walitembea wakikagua nchi katika miaka ya 1960. Mtu akitaka kujua nani alikuwa wa kwanza kuonja samaki wa ghuba hizi, jibu liko kwenye majalala yao ya makombe.

Vinasaba vya watu waliozikwa kwenye mapango ya Nyarindi na Kakapel, magharibi mwa Kenya, miaka 3,500 hadi 3,900 iliyopita, vinawaonyesha wawindaji wavuvi hao wakiwa na udugu wa mbali na mtu wa Mota upande mmoja na watu wa misitu ya Kongo, kama Wambuti, upande mwingine. Hawakuwa kisiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliogusa pia mifupa ya Mlambalasi mkoani Iringa na Kisese huko Kondoa, unasema kwamba zamani zaidi wawindaji wa mashariki, kusini na katikati ya Afrika walisafiri na kuoana kwa umbali mrefu, na kwamba katika miaka 20,000 iliyopita hivi wakaanza kutulia, kila kundi likioa karibu na kwao. Kwa maneno mengine, hata wale ambao mtu angependa kuwaita wenyeji halisi wa ziwa walikuwa tayari wamechanganyika kabla wageni wa kwanza hawajafika.

Kisiwani Mfangano, kaskazini mwa Musoma ng'ambo ya mpaka, kwenye majabali ya Kwitone na Mawanga kuna michoro ya duara za rangi nyekundu na nyeupe. Wasuba wa huko hawadai kwamba babu zao ndio waliochora. Wao husema walizikuta. Kuna uungwana katika jibu hilo: mtu anakubali kwamba nyumba anayoishi ilikuwa na mtu kabla yake.

Kisha wakaja ng'ombe. Walifika kusini mwa Ziwa Turkana miaka 4,000 hivi iliyopita, na kufikia miaka 3,300 iliyopita wafugaji walikuwa wameenea katika Bonde la Ufa na kushuka hadi kaskazini mwa Tanzania. Hapa ndipo utafiti wa 2019 ulipopiga msumari. Ulipozigawanya asili za wafugaji hao, walipatikana kuwa na mafungu matatu: kama asilimia 40 kutoka kwa watu wanaohusiana na Mashariki ya Kati na Afrika ya kaskazini-mashariki, asilimia 40 nyingine kutoka kwa watu wanaofanana na Wadinka wa Sudan Kusini ya leo, na asilimia 20 iliyobaki kutoka kwa wawindaji wa hapa hapa Afrika Mashariki. Mafungu mawili ya kwanza yaliungana huko kaskazini, nchi za Mto Nile na pembe zake. La tatu liliingia baadaye, miaka 4,000 hivi iliyopita, wafugaji walipofika na kukutana na wenyeji. Mwindaji na mwenye mifugo walioana. Inaelekea hawakuulizana kabila.

Baada ya hapo, kwa kiasi kikubwa, mlango ukafungwa. Kwa karne nyingi zilizofuata wafugaji hawakuongeza sana damu ya wawindaji, ingawa waliishi nao jirani na kubadilishana bidhaa. Ndoa za mwanzo zilikuwa nyingi, kisha jamii ikajiona imetosha, ikaanza kuoana yenyewe. Wanaojua mambo ya Mara watalitambua hilo: ukoo mpya hupokea kila mtu, ukoo uliokomaa huanza kuchagua.

Kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo lingepaswa kuwanyima usingizi wote wanaopenda kusoma watu kwa vyungu vyao. Kwa miongo mingi wanaakiolojia waliwagawa wafugaji wa kale katika makundi mawili, wale wa Elmenteita na wale wa savana. Wa Elmenteita walikuwa na vyungu vya sura yao na namna yao ya kuchonga visu vya mawe. Huko Njoro walichoma maiti pangoni. Wa savana walifinyanga kwa mtindo mwingine na walizika chini ya malundo ya mawe. Hata machimbo yao ya obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, yalikuwa tofauti: wa Elmenteita walipendelea jiwe la Mlima Eburru, wenzao la upande wa Naivasha. Kila dalili ilisema haya ni mataifa mawili. DNA ikasema hapana. Kwa vinasaba, makundi hayo hayatofautiani. Walikuwa ndugu waliojitenga kwa desturi, na desturi hiyo waliishika kwa karne nyingi.

Hilo linaigusa Mara moja kwa moja, kwa sababu watu wa Elmenteita walikuja hadi ziwani. Gogo Falls, kwenye Mto Kuja katika kaunti ya Migori, si mbali na mpaka wa Tanzania. Peter Robertshaw alipochimba hapo mwaka 1983 alikuta tabaka la wavuvi wa Kansyore chini, na juu yake wafugaji wenye vyungu vya Elmenteita wa miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Walikuwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo, lakini majalala yao yalijaa pia samaki na wanyama wa porini. Visu vyao vilikuwa vya obsidiani iliyobebwa karibu kilomita 200 kutoka Bonde la Ufa. Zamani ilidhaniwa kwamba walirudia uwindaji kwa sababu vichaka na mbung'o viliwaulia mifugo. Uchunguzi wa meno ya wanyama uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba nchi ilikuwa majani matupu, malisho mazuri kabisa. Walivua na kuwinda kwa sababu walikaa kando ya maji, na kando ya maji mtu mwenye akili hula samaki. Mkiriba mwenye ng'ombe wachache bara na mtumbwi mwaloni hahitaji mtaalamu wa kumfafanulia hilo.

Maziwa nayo yana kisa chake. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wengi wa Watanzania na Wakenya wanaoweza kunywa maziwa mabichi ukubwani bila tumbo kuchafuka wana badiliko moja la kinasaba ambalo halikutoka Ulaya. Lilizuka huku huku. Ungetarajia wafugaji wa kale wote wawe nalo. Kati ya watu waliosomwa katika utafiti wa 2019, lilionekana kwa mtu mmoja tu, wa pango la Gishimangeda, aliyeishi miaka 2,000 hivi iliyopita. Kwa zaidi ya miaka 1,000 watu walifuga bila kuwa na tumbo la kazi hiyo. Labda waligandisha, kama watu wa Mara wanavyogandisha mpaka leo.

Wa tatu ni wale walioleta lugha. Kijita, Kikwaya, Kiruri na Kikara ni lugha za Kibantu zinazoelewana, na wataalamu huziweka katika tawi dogo liitwalo Suguti, jina la mahali hapo hapo Musoma Vijijini. Kizanaki, Kiikizu, Kinata na Kikuria ni binamu zao wa tawi la Mara. Wasemaji wa mwanzo wa lugha hizi walitoka upande wa magharibi wa ziwa, kwenye nchi ya vyungu vya Urewe na tanuri za chuma za Buhaya, ambako chuma kiliyeyushwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Katika mifupa, asili yao, ile inayotokea Afrika Magharibi, inaonekana Bonde la Ufa kwa mtu wa Deloraine aliyeishi miaka 1,200 hivi iliyopita. Mazao nayo yanasimulia ukoo wake: huko Kakapel, kwenye ripoti ya mwaka 2024, kunde zilipimwa zikakutwa na umri wa miaka 2,300 hivi, nazo zilitoka Afrika Magharibi. Wimbi, ambalo asili yake ni nyanda za juu za mashariki, lilikuja kutawala jungu la Kakapel katika miaka 1,000 iliyopita. Sufuria moja ya uji ilikuwa na safari mbili ndani yake.

Na desturi? Wakuria wamegawanyika katika vizazi viwili, Abasai na Abachuma, na mtu huingia upande wa baba yake bila kuulizwa. Wazanaki wana utaratibu wao wa vizazi, ambao Otto Bischofberger aliuandikia kitabu mwaka 1972. Wanahistoria wa lugha, Christopher Ehret akiwa mbele, wanaona kwamba mpangilio wa rika na vizazi katika eneo hili uliazimwa kutoka kwa watu wa Kiniloti wa kusini, jamaa za Wataturu wa leo. Kwa hiyo mzee wa Kizanaki anaweza kuwa anasema lugha iliyotoka magharibi ya ziwa, anafuata rika lililotoka kwa wafugaji wa Kiniloti, anachunga ng'ombe waliokuja na watu wa kaskazini, na anasimulia asili inayoanza na mwindaji. Usafi wa damu hapo utautafuta wapi?

Ulaya nako wamelipata somo hilo hilo, tena kwa uchungu zaidi, maana huko hadithi ya damu moja iliwahi kugeuzwa siasa ya kuua. Jordanes, aliyeandika historia ya Wagothi mwaka 551, alisema walitoka kisiwa cha Scandza kwa merikebu tatu. Kwa karne nyingi wasomi walibishana kama ni kweli. Vinasaba vya makaburi ya kale ya Poland vimempa Jordanes nusu ya haki: watu wenye asili ya kaskazini kweli walihama kuelekea kusini. Lakini walipokaribia Bahari Nyeusi na Mto Danube, ambao walivuka mwaka 376 kuingia Dola ya Rumi, kundi lililoitwa Wagothi lilikuwa limeshapokea kila aina ya watu. Jina lilibaki, desturi za maziko zikabaki, watu ndani yake wakawa wengine. Ni Elmenteita iliyopinduliwa: kule watu wa asili moja walishika desturi mbili, huku desturi moja ilibeba watu wengi.

Karibu zaidi na kwetu kuna habari za Pwani. Mwaka 2023 vilichapishwa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wakiwemo wa Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Ikaonekana kwamba kuanzia mwaka 1000 hivi wanaume kutoka Uajemi walioa wanawake wa Kiafrika, na upande wa kike wa ukoo karibu wote ukabaki wa Kiafrika. Masimulizi ya Kilwa yalikuwa yametaja akina baba waliokuja kwa majahazi. Akina mama, ambao lugha ya watoto ilikuwa yao, hawakupewa aya. Mifupa imewarudisha kwenye kitabu. Simulizi za Nyasigonko na Nyakinywa, kwa upande wao, ziliwapa wanawake mstari wa kwanza tangu mwanzo.

Haifai, hata hivyo, kuigeuza maabara kuwa mganga mpya asiyekosea. Mtu mmoja wa Luxmanda ni mtu mmoja, na kaburi moja la Deloraine halisemi kwa niaba ya wahunzi wote. Asilimia 40 si ukoo. Hakuna mtu aliyewahi kuzika ndugu yake wa asilimia 40. Tena mifupa yenyewe ina historia isiyopendeza. Jijini Berlin kuna mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotolewa iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaliyomo katika mkusanyo wa Felix von Luschan, na kama 200 kati yake yametambuliwa kuwa ya Tanzania ya leo. Yalikusanywa ili kuthibitisha kwamba watu hutofautiana kwa aina, kila aina na kipimo cha fuvu lake. Mwezi Septemba 2023 taasisi inayoyatunza ilitangaza kwamba mafuvu machache ya Kilimanjaro yamelinganishwa na DNA ya familia zilizo hai, na ndugu wamepatikana, mmojawapo akiwa wa akida wa Mangi Meli, yule mangi wa Moshi aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Fuvu lililochukuliwa kama namba limerudishiwa jina na wajukuu.

Maswali ya ruhusa nayo yamekuwa mazito. Mfupa wa sikio ukishatobolewa haurudi ulivyokuwa, na kila mtu ana miwili tu. Prendergast na Sawchuk walilipigia kelele jambo hilo mwaka 2018, kwamba mbio za kusaka DNA Afrika zisiyapuuze makumbusho ya Nairobi na Dar es Salaam yanayoihifadhi mifupa, wala wenyeji wanaoishi juu ya makaburi. Kwa nchi ya Kiriba hilo ni jambo la vitendo. Kama siku moja mvua itafunua mifupa kwenye mmomonyoko wa ufukwe, wa kwanza kuitwa hatakuwa profesa. Atakuwa mzee wa ukoo, naye atataka kujua kwanza ni wa kwa nani.

Anachoweza kukosea mtafiti wa baadaye kinaonekana wazi ng'ambo ya maji. Wasuba wa Rusinga na Mfangano wengi wao hutaja babu waliovuka ziwa kutoka upande wa Uganda, katika karne ya 18 hivi. Lugha yao ni ya Kibantu, jamaa ya hizi za Musoma. Katika vizazi vichache, kwa ndoa, soko, shule na kanisa, wengi wao wamehamia Kijaluo, na watoto wa Rusinga leo hutukanana na kubembelezana kwa lugha hiyo. Tom Mboya, aliyejulikana dunia nzima kama mwanasiasa wa Kijaluo, alikuwa wa ukoo wa Kisuba. Kaburi lake liko Rusinga. Mtu asiyejua habari hizi, akiwa na maandishi ya Kijaluo mkononi na vinasaba vya visiwani maabarani, angesema kwamba hapa watu wameondoka na wengine wakaingia. Hakuna aliyeondoka. Vyombo ni vile vile, nyavu ni zile zile, na mzee wa Mfangano akiulizwa ukoo wake bado atautaja, kisha atasema ndugu zake wengine wako Musoma.